Ngozi ya Gundi

Mzee Sylvestre alitaka apewe mwizi kabla ya saa nane mchana, kana kwamba mwizi ni mkate unaoagizwa dukani.

"Madame Rukiya, batu ba famille banafika hapa à quatorze heures," alisema. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, ghorofa ya tatu, Ganshoren, mtaa wa Brussels, na shati limepigwa pasi mpaka kola imekakamaa. "Nataka useme mbele yao vile mambo iko. Mutoto akubali, aombe pardon, bon, tumalize."

"Nitasema nitakachokiona, mzee wangu. Mpaka sasa nimeona kabati tu."

Kabati lenyewe lilistahili kuonwa. Lilikuwa la mbao nzito, mlango wa kioo, limewekwa mbali na dirisha na mbali zaidi na chuma cha kupashia nyumba joto. Ndani yake santuri zilisimama wima bega kwa bega, zile ndogo zenye tundu kubwa katikati na wimbo mmoja kila upande. Zote zilikuwa za doo-wop na za ndugu yake, rhythm and blues: vijana wanne watano wa Marekani ya miaka ya hamsini, besi huko chini, sauti nyembamba huko juu, na midomo ikifanya kazi ya vyombo ambavyo hawakuwa na uwezo wa kuvinunua. Sylvestre alizaliwa Bukavu, akaingia Brussels akiwa mkimbizi, akaendesha tramu mpaka alipostaafu. Santuri hizo ndizo alizokusanya njiani.

Rukiya hakuwa mtu wa santuri. Alikuwa mtu wa Tanga aliyemfuata mume Ubelgiji, kisha akamwacha mume akabaki na Ubelgiji. Alisomea upelelezi wa kujitegemea, akapata kibali, na riziki yake ilitoka kwa wake wenye mashaka na makampuni ya bima yenye mashaka zaidi. Katika mkataba wake kulikuwa na kifungu alichokisoma kwa sauti kwa kila mteja, na jana alikuwa amemsomea Sylvestre: anachokigundua mpelelezi ni mali ya aliyemwajiri, hakiambiwi mtu mwingine, na mpelelezi anayekivunja ananyang'anywa kibali.

Kisa kilikuwa chepesi kukisimulia. Fahari ya kabati ilikuwa santuri moja ya The Ferrylights, ya mwaka 1956, ambayo duniani zimebaki chache. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wakusanyaji, Mholanzi mmoja aliitazama kwa lenzi akacheka mbele ya watu. Hii ni bandia, alisema. Josias, rafiki wa Sylvestre tangu ujana, ndiye aliyesimama wa kwanza na kutangaza kwamba santuri halisi anaijua, aliwahi kuishika, basi lazima kuna mtu ameibadilisha.

Nani? Kabati lina funguo mbili. Mmoja anao Sylvestre, mwingine Mignonne, binti wa mdogo wake, anayeishi naye na kupangusa kioo. Watu hawakuhitaji hesabu zaidi ya hiyo.

Tatizo ni kwamba Mignonne alikuwa anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea, na Jumatatu alikuwa aanze kazi ya kudumu. Kazi hiyo hapewi mtu mwenye doa polisi. Na Sylvestre alikuwa ameapa kwamba asipokiri leo, Jumatatu hiyohiyo atakwenda kumshitaki.

"Nipe hiyo santuri," Rukiya alisema.

Aliishika kwa kingo kama alivyoelekezwa, akaibonyeza kidogo. Ikakunjika.

"Unaona?" Sylvestre alisema haraka. "Hii njo ya bongo, bandia. Ile ya kweli ni nguvu, haikunjikake."

Rukiya aliweka lenzi kwenye duara laini karibu na lebo, pale sindano inapomalizia safari. Kulikuwa na namba, zimegongwa kwa mashine, zimenyooka. Akaangalia kufuli la kabati. Halikuwa na mkwaruzo.

"Hii uliinunua wapi?"

Hapo mzee alichangamka. Aliinunua Jeu de Balle, kwenye soko la vitu vikuukuu, asubuhi ya mvua, kwa Mfaransa aliyevaa koti la mvua la manjano lenye kifungo kimoja kilichokatika. Alikuwa na uso wa mtu anayesimulia harusi yake.

"Na mara ya mwisho kuitazama kwa makini, kabla ya huyo Mholanzi, ilikuwa lini?"

Sylvestre aligeukia dirishani. "Sikumbuke."

"Hukumbuki hata mwaka?"

"Disque kama ile haipigwake, madame. Inachungwa. Sikumbuke."

Rukiya hakusisitiza. Lakini mtu anayekumbuka kifungo cha muuzaji halafu asikumbuke mara ya mwisho kuitazama mboni ya jicho lake alimkera, kama punje ya mchanga katika wali.

*

Alianza na mchumba wa Mignonne, kwa sababu kila mtu alimwambia aanze na mchumba. Cédric aliishi Berchem-Sainte-Agathe, kwenye majengo ya kupanga, na mtandaoni kulikuwa na tangazo lake: santuri ndogo za kuuza, katoni nzima. Sylvestre alikuwa amelichapisha tangazo hilo kwenye karatasi na kulipigia mstari mwekundu.

Cédric alifungua mlango akiwa na mswaki mdomoni. Alipoelewa kilichomleta mgeni alicheka mpaka povu likamdondokea kifuani, kisha akaona mgeni hacheki, akaenda kuleta katoni. Rukiya alizipitia zote akiwa amepiga magoti kwenye zulia. Zilikuwa nyimbo za Kifaransa na za Kiflamandi, za harusi na za Krismasi, vumbi tupu. Zilitoka kwa jirani aliyehama.

"Za doo-wop unazijua?"

"Honnêtement, maman? Papa Sylvestre alinifanya nisikilize, après-midi muzima. Sikusikia tofauti ya hii na ile. Na niliogopa kumwambia."

Rukiya alimwamini. Kumwuzia mjuzi santuri adimu kunahitaji mwuzaji anayejua angalau upande wa kuishikia, na huyu aliziweka zile zake juu ya chuma cha joto.

*

Josias alimsubiri uwanja wa Flagey, kwenye baraza la mkahawa, soko limejaa na mstari wa chipsi umefika hadi kituo cha basi. Alikuwa mzee mrefu, kofia nzuri, na sauti iliyotokea chini kabisa tumboni. Aliinuka, akavuta kiti.

"Ikala, dada Rukiya, ikala. Unakunywa kitu gani?"

"Chai. Nieleze kuhusu wewe na Mzee Sylvestre."

"Tuliimba quatuor moja, batu ine, ku Bukavu, ku kanisa. Ba missionnaires ba Amerika balituachia disques, tukafunzwa kuimba namna ile. Miye basse, Sylvestre ile sauti ya juu kabisa. Bale babili bengine, vita ilibakula." Alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Tulibakia batu deux."

"Na The Ferrylights uliwahi kuishika?"

"Kuishika? Miye njo niliichunga! Sylvestre aliinunua akiwa bado mu centre ya ba réfugiés, chumba moja batu six. Angeweka wapi? Miye nilikuwa na appartement. Akanipatia mu mukono, ikakaa kwangu mwaka muzima. Alipopata nyumba yake, nikamurudishia."

"Kwetu hiyo inaitwa amana."

"Voilà. Amana."

Alilitamka neno hilo bila kupepesa jicho. Rukiya alimwomba amfundishe, na hakuna mkusanyaji duniani anayekataa ombi hilo. Josias alivua kofia. Ya kweli, alisema, ni ya plastiki ngumu. Ukiigonga na kucha inalia kavu, na namba yake ilichorwa na mtu kwa mkono, imepinda. Ya bandia ni ya vinaili ya kawaida: inakunjika, na namba imegongwa kwa mashine.

"Na usafi? Mnazioshaje?"

"Ah, pale Sylvestre iko na wazimu yake!" Josias alicheka kwa upendo, na upendo huo ulionekana wa kweli. "Anapaka colle à bois. Gundi ya mbao, dada! Anaimwanga juu ya disque, anangoja ikauke, kisha anaivuta yote mara moja, inatoka kama ngozi, na uchafu yote inatoka nayo. Disque inabakia mupya."

"Hata The Ferrylights aliifanyia hivyo?"

"Jamais!" Alishituka kweli. "Ile plastiki nguvu ukivuta gundi inapasuka kama sahani. Hakuna collectionneur atafanya ile, hata akiwa amelewa. Sylvestre angekata mukono yake kwanza."

Kisha akainama mbele, akashusha sauti chini zaidi ya pale ilipokuwa. "Dada, nahurumia ule binti, nilimuona akikua. Lakini si banasema kikulacho ki nguoni mwako?"

"Wanasema," Rukiya alijibu, akamaliza chai.

*

Aliporudi Ganshoren, Sylvestre alikuwa ametoka kununua vinywaji vya wageni. Mignonne alikuwa jikoni, anampikia sombe, kisamvu cha kwao, mtu aliyetaka kumpeleka polisi.

"Si nimupikie?" alisema alipoona Rukiya anaangalia sufuria. "Iko na sukari mu damu. Asipokula anaanguka. Si papa yangu ya kuzaa, ni mukubwa wa papa yangu, lakini njo alinileta huku, njo alinisomesha. Miye namuitaka papa."

"Ulifika lini Ubelgiji?"

"Deux mille quatorze. Nilikuwa na seize ans." Rukiya aliandika: 2014, miaka kumi na sita.

"Kabati unalifungua mara ngapi?"

"Naifungula juu ya kupangusa kioo. Disques sigusake, maman. Hata vumbi yake sigusake." Alifunika sufuria. "Naapa kwa Mungu sijaiba kitu. Lakini nimesha apa mara mingi, naona batu banachoka kunisikia."

Hakulia. Alikuwa na macho makavu ya mtu aliyemaliza kulia jana yake, na Rukiya alimhurumia kiasi cha kukasirika.

"Nioneshe gundi anaiweka wapi."

"Gundi? Alisha acha, mikono inatetemeka. Lakini ngozi zake anazichunga zote. Anasema ile inatoka nzima bila kukatika, kuitupa ni zambi."

Rukiya aliacha kuandika. "Anazihifadhi?"

Lilikuwa bati la biskuti juu ya kabati la nguo, chumbani kwa mzee. Mkataba ulimruhusu Rukiya kupekua nyumba nzima, kwa hiyo aliliteremsha mwenyewe, akaliweka kitandani, akafungua. Ndani zilijaa ngozi nyembamba za gundi iliyokauka, mviringo, zinapitisha mwanga, kila moja imefungwa katika karatasi yake na jina la kundi limeandikwa juu. Alipoinua moja dirishani aliona mistari yote ya santuri imejichora humo, mmoja mmoja. Gundi ilipokuwa mbichi iliingia kila ufa, na ilipotoka ilibeba sura ya ufa huo kwa kinyume.

Alizipanga kitandani. Karibu na chini kabisa alikuta jina aliloliogopa kidogo kulikuta. The Ferrylights.

Alitoa kioo cha wanja mkobani, akaiinua ngozi ile mbele yake, akaweka lenzi. Katika duara la katikati namba zilisomeka kwenye kioo, zimenyooka, zimegongwa kwa mashine. Zilikuwa zilezile za santuri iliyokuwa sebuleni. Halafu akakunjua karatasi iliyoifunga. Ilikuwa ya tangazo la duka la vyakula, kuku mzima wa kuoka, na bei yake kwa faranga za Ubelgiji.

Rukiya alikaa kitandani. Faranga zilikufa mwaka 2002. Wakati santuri hii inapakwa gundi, Mignonne alikuwa Bukavu, anajifunza kuvaa kandambili.

"Umeona nini, maman?" Mignonne alikuwa mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi.

Rukiya aliikunja karatasi ya kuku. "Siwezi kukuambia. Nimesaini. Nilichokiona ni mali ya aliyeniajiri."

Binti alicheka kicheko kifupi kibaya. "Donc hata ukweli ni ya papa."

Rukiya alirudisha ngozi zote ndani. Alichukua bati lote kwapani, akapiga simu Flagey, akamwambia Josias awahi kabla ya wageni.

*

Walikusanyika wanne sebuleni. Sylvestre kwenye kiti chake, Josias ubavuni mwake, Mignonne kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono magotini. Rukiya alibaki amesimama.

"Mzee Sylvestre, matokeo ni yako. Unataka nikuambie faragha?"

"Hapana! Mutoto asikie."

"Na Papa Josias?"

"Josias ni ndugu yangu. Asikie."

"Nauliza mara ya pili, kwa sababu ya mkataba. Umeruhusu wote wawili wasikie?"

"Nimeruhusu! Sema basi."

Rukiya aliikunjua karatasi ya kuku, akaiweka mezani ngozi ya gundi pamoja na santuri. Sylvestre alipoliona lile jina kwa mwandiko wake mwenyewe aliacha kupumua kwa sauti.

"Ngozi hii imetoka kwenye bati lako. Namba zake na namba za santuri hii ni moja, unaweza kutumia kioo changu. Karatasi ina bei za faranga. Kwa hiyo hakuna aliyebadilisha kitu ndani ya nyumba hii. Santuri iliyomo kabatini leo ndiyo iliyokuwemo kabla ya euro. Iliingia humu tayari ikiwa bandia." Alimgeukia Josias, aliyekuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kofia. "Kaa, papa. Kabla ya kuingia humu ilikuwa kwa nani?"

Josias alikaa. Kwa muda kofia ilizunguka mikononi mwake.

"Bibi yangu, ule nilioa, alikuwa bado kule, vita inasogea," alisema mwishowe, na besi yote ilikuwa imemtoka. "Muingereza moja aliiona kwangu, akainunua. Billet ya ndege ya bibi ilitoka pale. Nilitafuta kopi nikairudisha. Sylvestre, pardon. Nilijua hautaijua."

"Alijua," Rukiya alisema.

"Hapana, dada, yeye hakujua."

"Wewe ndiye uliyenifundisha leo, papa. Santuri halisi ni ngumu, ukiipaka gundi inapasuka, na hakuna mkusanyaji atakayeifanyia hivyo hata akiwa amelewa. Lakini huyu hapa aliipaka. Aliipaka kwa sababu alishajua kwamba haipasuki." Alimtazama mteja wake. "Mzee, ulijua lini?"

Jikoni sombe ilikuwa inachemka. Sylvestre aliigusa ile ngozi kwa kidole, taratibu.

"Siku ile aliirudisha," alisema. "Niliishika hivi, ikakunjika. Nikaelewa. Nikasema, bon, kama ni ya bongo, gundi haiwezi kuiua. Nikapaka." Kidole kilifuata ukingo wa duara. "Ilitoka nzima. Hata mara moja ngozi haijanitokea vizuri namna ile. Njo maana sikuitupa."

Josias alikuwa ameinuka. "Ulijua? Myaka yote hii ulijua? Kila dimanche unanipatia kuku, unanisifu mbele ya batu, na ulijua? Ulikuwa unaniangalia kama mupumbavu!"

"Nilikuwa nakuangalia kama ndugu."

"Ungenitukana, Sylvestre! Ungenipiga! Ningejua pa kusimama!"

Rukiya alikuwa amewaona watu wengi wakikasirika kwa kukamatwa, ila hakuwahi kumwona aliyekasirika kwa kusamehewa. Akamwacha. Shida yake ilikuwa na mwingine.

"Na mimi ulinileta kwa nini, mzee?"

Sylvestre hakumkwepa. Pengine alikuwa amechoka kukwepa. "Baliniambia weye ni muntu ya ba mari, mambo ya ndoa, na ya ba assurances. Disques haujue. Ungeona funguo mbili, ungeandika jina yake. Na hauko mutu wa kwetu, kila muntu angeamini."

Basi. Alikuwa ameletwa awe muhuri. Damu ilimpanda Rukiya mpaka masikioni, na aibu ikaja nyuma yake, kwa sababu kama isingekuwa lile bati huenda angeugonga muhuri huo na kwenda zake.

"Siku ile Mholandais anacheka," Sylvestre aliendelea, sasa akizungumza na Josias peke yake, "ni weye ulisimama wa kwanza ukasema imebadilishwa. Ningekataa, batu bote bangejua ni nani. Tulikuwa quatre, Josias. Nani mwengine hapa Bruxelles anajua sauti yangu vile ilikuwa? Nikikuacha, nabakia naimba peke yangu. Mutoto iko kijana. Mutoto ataanza tena. Miye na weye hatuwezi kuanza tena."

"Na polisi?" Mignonne aliuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Lundi?"

"Singeenda, mutoto wangu. Ilikuwa kukuogopesha tu. Ungeomba pardon, tungekusamehe, ingeisha."

"Ningeomba pardon ya nini?"

Sylvestre alimgeukia Rukiya kama mtu anayetafuta kiti cha kushikilia. "Andika ilipotea. Ripoti ni yangu, ulinisomea mkataba."

"Ripoti ni yako. Masikio ya Mignonne si yako."

Kengele ya mlango wa chini ililia. Sauti za akina mama zilisikika kwenye kidude cha ukutani, wanacheka, wanaulizana ghorofa ya ngapi. Sylvestre alibaki kitini, akageukia mlango wa jikoni.

"Mignonne, mutoto wangu, bafungulie. Tutaona vile tutabaambia."

Mignonne alibonyeza kitufe cha kufungua. Kisha alivaa koti lake, akachukua mkoba. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole, iliyopangika, ile ya kazini.

"Monsieur Sylvestre, comprimé ya tension ni moja, kisha kula. Insuline iko mu mulango ya frigo. Lundi upigie commune, ofisi ya mtaa, téléphone, batakutumia muntu wa kukusaidia."

"Juu ya nini unaniita monsieur?" Mzee alimnyooshea mkono. "Miye ni papa yako."

"Bale hatujuane nabo, ku kazi tunabaitaka monsieur."

Alifungua mlango. Kwenye ngazi alikutana na shangazi zake watatu na masufuria yao, akambusu kila mmoja shavuni kama desturi, akateremka. Walimtazama akishuka. Kisha wakaingia, na wa kwanza, mama mnene mwenye kitenge cha kijani, aliweka sufuria mezani juu ya karatasi ya kuku, akapangusa mikono.

"Alors, Sylvestre? Mutoto alikubali?"

Josias alitazama sakafu. Sylvestre alimtazama Josias, muda mrefu, kisha akamtazama yule mama.

"Alikubali," alisema.

Rukiya alikuwa ameshafunga vifungo vya koti lake. Alivifungua kimoja kimoja, akatoa mkobani kadi ya kibali chake, akaiweka mezani mbele ya mteja wake, akavuta kiti.

"Mama zangu, karibuni mkae," alisema. "Hajakubali kitu."